Simiyu Alikuja

Mwanangu Atieno,

Umeenda kusukwa nywele, mama yako yuko sokoni, na mimi nimebaki nyumbani peke yangu na daftari langu la kazi ya kuchomelea. Nimechana kurasa za katikati, zile ambazo sijachorea mageti ya watu, ndizo ninazoandikia. Kesho saa kumi na mbili asubuhi unapanda gari la Nairobi. Mambo ya njiani, ya chakula na ya kuchagua marafiki mama yako ameshakuambia, na yale aliyosahau utayajua ukifika. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Leo mchana tulikaa mezani sisi wawili, ukaniuliza mbona sili, nikakwambia ni tumbo. Haikuwa tumbo.

Ni yale maneno uliyosema Jumapili iliyopita kwenye ukumbi wa kanisa.

Najua wewe uliyasema kwa furaha. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliokuja kukuaga. Walikuja wanakwaya, wakaja vijana wa kurap na kofia zao, akaja Kariuki aliyekufundisha kinanda nyuma ya duka lake katikati ya mabunda ya unga. Ulipomaliza kuimba hukurudi kukaa. Ulishika maikrofoni ukasema, "Naenda Nairobi, lakini nawaahidi kitu kimoja. Mimi sitawafanyia Simiyu."

Watu walisimama wote. Vijana walipiga meza, akina mama wakapiga vigelegele, na Kariuki akanishika bega akaniambia, "Baba Atieno, umelea." Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Sikuweza kusimama wala kupiga makofi. Nilikiweka kile kikombe chini ya kiti bila kunywa.

Si kwamba sikuwa nimelisikia neno hilo. Hapa mjini Eldoret limekuwa neno la kila siku. Mtu akiazimwa gitaa anaambiwa asifanye Simiyu. Juzi kwa kinyozi nilisikia kijana akimwambia mpenzi wake kwa simu, "Ukienda campus usinifanyie Simiyu." Huyo kijana hajui kama Simiyu ni mtu. Labda hata wewe unajua tu kwamba ni mwanamuziki wa zamani aliyetoka hapa, akapata jina kubwa, akatusahau. Lakini kulisikia likitoka kinywani mwako, kwa ile sauti yako ninayoijua tangu ulipoanza kuongea, hapo ndipo nilishtuka. Kwa sababu najua nani alikufundisha.

Kisha nikatazama mlango wa jikoni. Mama Nafula alikuwa amesimama pale. Unamjua kama yule mama wa Kapseret anayeleta maziwa ya chai kukiwa na sherehe kanisani. Ni dada yake Simiyu, tumbo moja. Aliweka mtungi wa maziwa chini, akajipangusa mikono kwa leso, akatoka. Mtungi wake aliuacha hapo hapo.

Sasa nikueleze Simiyu ni nani, alifanya nini, na mimi nilifanya nini.

Tulikuwa wanne. Kiprono alipiga ngoma, Kariuki kinanda, mimi gitaa, na Simiyu aliimba. Tulifanyia mazoezi kwenye ghala la mahindi la baba yake Kiprono kule Moiben, na mavuno yakiingia ghala linajaa, tunatoka nje kupigia kwenye nyasi, ng'ombe wakitutazama. Gitaa halikuwa langu, lilikuwa la kanisa, na ilibidi liwe limerudi kabla ya ibada ya Jumapili. Ngoma za Kiprono alizitengeneza mwenyewe kwa mitungi ya mafuta na ngozi. Tulipiga harusi, tulipiga harambee, na Jumamosi tulikuwa na baa moja mjini iliyotuvumilia.

Siku moja mtu wa studio kutoka Nairobi alitusikia. Alimtaka mwimbaji peke yake, kwa sababu wapigaji alikuwa nao huko. Simiyu alikuja kutuuliza kama aende. Sisi wote watatu tulimwambia aende. Kiprono alimpa koti lake. Mimi ndiye nilimbebea begi mpaka stendi. Kwa hivyo usiamini mtu akikuambia alitoroka.

Baada ya mwaka mmoja wimbo wake ulikuwa kila mahali. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha nguo, na redio ya kiwandani iliucheza mara tatu kwa siku. Mwanzo wa wimbo ule kuna gitaa, na lile gitaa nililipiga mimi kwanza, kwenye nyasi za Moiben. Nilijiambia ameniibia. Haikuwa kweli hivyo. Tulikuwa tunapiga pamoja, huyu anaanza, yule anamalizia, na hakuna aliyekuwa anaandika kitu. Lakini nilikaa na hilo wazo kifuani siku baada ya siku, na kiwanda kilipotupunguza kazini nikatoka nalo.

Sasa sikia vizuri, kwa sababu hapa hata mama yako hajui. Amekuwa mke wangu miaka hii yote na hajui.

Simiyu alikuja.

Ulikuwa na miaka mitano. Nilikuwa nimeanza kazi ya kuchomelea vyuma pale nje ya nyumba yetu ya zamani, na siku hiyo nilikuwa natengeneza kibanda cha kuku, nimejaa masizi hadi masikioni. Pikapu ikasimama barabarani. Akashuka Simiyu, viatu vinang'aa, akanikumbatia na masizi yangu yote. Nyuma ya pikapu kulikuwa na ngoma seti nzima, magitaa mawili, spika, amplifaya na maikrofoni, vyote vimefungwa kwa blanketi. Alikubeba juu, akakupa kijiti, nawe ukapiga ile ngoma kubwa mara mbili ukacheka. Pengine hukumbuki.

Akaniambia amezungumza na mwenye chumba kimoja karibu na soko. Anataka kiwe chumba cha muziki. Sisi watatu tukisimamie, na kijana yeyote wa Eldoret anayetaka kujifunza aingie apige, asiombe gitaa la kanisa kama mimi. Alisema angekuja mara kwa mara kuwasikiliza. Alikuwa na haraka ya furaha, unajua mtu akiwa na kitu kizuri cha kupeana. Akasema twende kwanza kwa Kiprono, anataka kuona uso wake akiona zile ngoma.

Na mimi nikaviangalia viatu vyake, nikaangalia kibanda changu cha kuku, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Usiende. Wenzako wamekaa kikao, wakaamua hawataki vitu vyako. Wamesema usirudi hapa."

Hakuna mtu aliyekuwa amekaa. Hakuna aliyekuwa ameamua kitu. Kiprono kila tukikutana aliuliza tu Simiyu atakuja lini.

Simiyu akaniuliza, "Hata Kiprono?"

Nikamwambia, "Kiprono ndiye alisema kwanza."

Mwanangu, nimefanya makosa mengine maishani, mengine unayajua. Lakini hayo maneno manne ndiyo ninayasikia nikiwa nimeinama kwenye kazi. Hadi leo siamini ni mimi niliyeyasema, na ni mimi. Simiyu hakugombana. Aliomba tu aache zile ngoma, nimpelekee Kiprono bila kusema zimetoka kwa nani. Nikakataa hata hilo. Akapanda pikapu akageuza.

Sikumwambia mtu. Mwanzoni nilifikiri nitasema kesho, kisha wiki ijayo. Halafu watu wakaanza kulalamika kwamba Simiyu hakumbuki nyumbani, nami nikanyamaza, na kunyamaza kukawa rahisi. Baadaye sikunyamaza tena. Nilianza kusema na mimi. Umenisikia tangu utotoni nikisema mwanamuziki akipanda lazima arudi awainue wenzake, kwamba ana deni kwa waliomsikiliza wakati hakuna aliyemjua. Nililisema mezani petu, nikalisema kwenye mikutano ya wasanii, na siku walipotualika redioni nililisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Watu waliniona mtu wa msimamo. Nilikuwa nafunika shimo.

Kisha Kiprono akaugua. Alilala hospitali miezi miwili. Unakumbuka tulivyozunguka na vijana tukiimba ili apate matibabu, wewe ulikuwa darasa la saba na ulishika bakuli. Kila mtu aliuliza Simiyu yuko wapi. Kariuki alinipa mimi kazi ya kumtafuta, kwa kuwa nilikuwa rafiki yake wa karibu. Nilikubali mbele ya watu. Sikumtafuta, kwa sababu angekuja, na angekuja yote yangetoka. Kiprono alipofariki, nilipewa tena kazi ya kumjulisha. Sikumjulisha. Simiyu hakuonekana mazishini, na tangu siku hiyo ndipo jina lake likawa tusi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa chini ya makofi ya Jumapili.

Jumanne nilifunga karakana nikaenda Kapseret na mtungi wa Mama Nafula. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana hakunipa kiti na sikuwa na haki ya kuomba. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukata. Nilipomaliza, aliweka panga chini akaniambia, "Nafula wangu alikuwa anaimba. Nilimkataza. Niliogopa wasije wakamwita kwa jina la mjomba wake."

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo hata mara moja. Nilikuwa nimehesabu, kichwani mwangu, kwamba nimemkosea Simiyu, na Kiprono, na pengine vijana ambao hawakupata chumba. Kumbe kulikuwa na msichana Kapseret, wa rika lako, aliyenyamazishwa kwa sababu yangu, na nimekuwa nikinywa chai ya maziwa ya mama yake.

Alitoa simu yake akampigia Simiyu, akaweka sauti nje, akanipa. Akasema, "Utasema wewe. Mimi sitakusaidia hata neno."

Nikasema yote. Kisha Simiyu akauliza, "Kiprono alikufa akijua nilikuja?"

Nikamwambia hapana.

Akakata simu.

Mama Nafula akarudi kwenye majani yake, mimi nikabaki pale na simu mkononi. Labda nusu saa. Simu ikalia. Simiyu hakusema amenisamehe, na usimuulize mtu kama alinisamehe. Alisema miaka hii yote aliamini sisi watatu tulimfukuza, na kwa aibu hakumwambia hata dada yake. Kila alipoulizwa na watu wa habari kwa nini hafanyi kitu kwao, alikosa la kujibu, kwa sababu hakutaka kutusema vibaya. Zile ngoma alizipeleka shule moja mbali na hapa, na watoto wa huko wamezipiga mpaka ngozi zimebadilishwa mara kadhaa. Wengine sasa wanaishi kwa muziki. Nilimwambia wewe ulisema nini kanisani, maana sikutaka asikie kwa mwingine. Akaniambia, "Huyo msichana usimtume kuniomba msamaha. Amesema alichofundishwa." Halafu akasema nianze na mjane wa Kiprono, kabla sijasimama mbele ya mtu mwingine yeyote.

Alhamisi nikaenda Moiben. Unajua Mama Chelagat, mjane wa Kiprono, anavyonipokea, kama ndugu wa mumewe. Alikuwa ameshaniwekea mursik, yale maziwa ya kuganda, kwenye kikombe kabla sijaketi. Nilimwambia. Nilidhani atalia, au atanifukuza, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Alitazama nje, kwenye geti. Kisha akasema, "Nimekaa na hasira ya Simiyu miaka hii yote, nimeizoea. Sasa hii hasira niipeleke wapi? Hata hilo geti ni wewe umenitengenezea."

Niliinuka. Nilitoka nikapita kwenye lile geti, nikalifunga nyuma yangu kwa mkono wangu.

Nimemwambia Kariuki pia. Aliniangalia kama mtu ambaye hanijui, akaingia ndani ya duka lake. Lakini jana alinitumia ujumbe kwamba amewaita wanamuziki wote Jumamosi ijayo, pale pale ukumbini, na mimi ndiye nitakayepewa nafasi ya kusema. Nitasema. Utakuwa Nairobi, na simu zitakufikia kabla sijafika nyumbani. Watakuambia baba yako ni mtu gani. Nilitaka uwe umeshajua, na ujue kutoka kwangu.

Jina langu umelitia kwenye jina lako la muziki, limeandikwa hata kwenye mabango ya kukutangaza. Ukitaka kuliondoa, liondoe. Hutahitaji kunieleza.

Sasa, lile uliloahidi. Utaniuliza kama bado nafikiri mwanamuziki aliyefanikiwa ana deni kwa waliobaki nyumbani. Wiki hii nimeligeuza hilo swali kila upande na sina uhakika kama zamani. Nafikiri Kariuki alikufundisha bila kukudai, na ukimkumbuka itakuwa vizuri, na yeye hatakukumbusha. Nafikiri wale vijana wa kofia walikaa wakakusikiliza ukikosea mpaka ukaacha kukosea, na hilo si jambo dogo. Lakini mtu kama mimi, anayesimama na kipaza sauti kudai kwa niaba ya wote, muulize kwanza yeye amefanya nini. Miaka yote tulimdai Simiyu chumba cha muziki, na chumba kilikuja hadi mlangoni petu kwenye pikapu.

Kuna mambo mawili ninayoyajua kwa hakika, kwa sababu yamenigharimu. La kwanza, siku ukipata cha kuleta nyumbani, usikipitishe kwa mtu mmoja, hata awe nani. Usikipitishe kwangu. Ingia ukumbini watu wakiwa wote, useme mbele yao. Na siku mtu akikuambia kwamba watu wako hawakutaki tena, usigeuze gari. Nenda ukamuulize kila mmoja, mlango kwa mlango. Simiyu angeendesha tu mpaka Moiben siku ile, Kiprono angetoka nje mbio.

La pili ni kwamba neno lile usilitumie tena. Ni jina la mtu. Ana dada Kapseret.

Namba ya Simiyu nimeiandika nyuma ya ukurasa wa mwisho. Sikutumi kumpigia, na yeye hakukuomba. Yuko Nairobi, anafundisha watoto kuimba, na sauti yake haijabadilika. Utafanya utakavyoona.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuficha barua hii kwenye begi lako, chini ya nguo, uikute huko mbali nisiuone uso wako. Sasa nasikia geti. Mmerudi pamoja, wewe na mama yako, mko jikoni, na kuna kitu mama yako amesema ambacho kimekuchekesha, unacheka kwa ile sauti ya juu. Nitangoja umalize kucheka. Kisha nitakuja jikoni, nimuombe mama yako naye akae, na nitakuwekea karatasi hizi mkononi, nami nisitoke mpaka mmesoma zote.

Baba yako,
Odhiambo